Kabla ya kumeza dawa ya tegu: mambo ya kuzingatia

Watu wengi humjua tegu siku wanapoona kipande cheupe, bapa, kwenye kinyesi au kwenye nguo ya ndani, na mara nyingine kipande chenyewe bado kinajikunja na kujikunjua. Kinachofuata hakitofautiani sana kati ya mtu na mtu: kipande kinamwagiwa maji, dawa ya minyoo inanunuliwa, inamezwa, na habari inaishia hapo. Sina ugomvi na dawa. Dawa za tegu zilizopo ni nzuri, na mara nyingi dozi moja inatosha. Ugomvi wangu ni na ile haraka. Kile kipande kilichomwagwa ndicho kilichokuwa na jibu la swali linaloamua mengine yote: huyu ni tegu gani, na je, yupo utumboni tu au ameshaacha kizazi chake mahali pengine mwilini?

Kwa hiyo kabla ya lolote, kihifadhi kipande hicho. Kiokote kwa kijiti au kwa mkono uliovaa glavu, kitie kwenye kichupa safi chenye kifuniko, pamoja na maji ya chumvi ya hospitali ukiweza kuyapata, andika tarehe, na ukipeleke maabara mapema. Kisha nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, usugue mpaka chini ya kucha. Tahadhari hii inaweza kuonekana imepitiliza kwa kipande kidogo namna hiyo, lakini subiri tufike kwenye hesabu ya mayai.

Mwili wa tegu una sehemu tatu. Kuna kichwa, ambacho kwa tegu wa ng'ombe na tegu wa nguruwe kina upana wa milimita moja hadi mbili tu. Kuna shingo fupi, nyembamba. Halafu kuna mkanda mrefu wa pingili, moja nyuma ya nyingine kama muwa, na huo mkanda ndio karibu tegu mzima. Hana mdomo, hana tumbo, hana utumbo. Kichwa hakili chochote, kazi yake ni kushikilia ukuta wa utumbo mwembamba ili mkanda usichukuliwe na mkondo wa chakula. Tegu wa ng'ombe, Taenia saginata, hushikilia kwa vinyonyeo vinne. Tegu wa nguruwe, Taenia solium, ana vinyonyeo vinne hivyohivyo, na juu yake duara mbili za kulabu ndogo. Tegu wa samaki hana kimojawapo kati ya hivyo. Ana mifereji miwili mirefu ubavuni mwa kichwa, na ndiyo anayobania utando wa utumbo.

Chakula kinapita kwenye ngozi. Ngozi ya tegu imefunikwa kote na vinyweleo vidogo mno vinavyoongeza eneo la kufyonzea, na kwa kuwa anaishi pale ambapo mwenye utumbo ameshameng'enya chakula chake, tegu anachukua sukari na asidi za amino zikiwa tayari. Maisha ya starehe, ukiyatazama hivyo, na ndiyo sababu mwili wake umeacha karibu kila kitu kisichohusu kushikilia, kufyonza na kuzaa.

Kuzaa ndiko kwenye ajabu. Shingo ndiyo inayotengeneza pingili. Kila inapotoka mpya, zilizotangulia zinasukumwa nyuma, hivyo ukimfuata tegu kutoka shingoni hadi mkiani unapita katika umri wake wote: kwanza pingili changa zisizo na kitu ndani, kisha zilizokomaa, mwisho zilizojaa mayai. Pingili iliyokomaa ni huntha. Ndani yake kuna korodani nyingi ndogondogo, kuna ovari, na kuna tundu moja ubavuni linalotumika kwa vyote. Viungo vya kiume hutangulia kukomaa, vya kike hufuata. Pingili inaweza kujirutubisha yenyewe, au ikarutubishwa na pingili nyingine ya tegu huyohuyo mkanda unapojikunja, au ya tegu mwingine ikiwa wako wawili. Kwa hiyo tegu mmoja peke yake anajitosheleza, na kwa kawaida mtu huwa na mmoja tu.

Baada ya kurutubishwa, viungo vingine vyote ndani ya pingili hunywea na kubaki mfuko wa uzazi, ambao hutanuka na kutoa matawi mpaka unajaza pingili nzima. Tegu wa ng'ombe aliyekomaa kwa kawaida huwa na pingili 1,000 hadi 2,000, na pingili moja ya mwisho inaweza kubeba mayai 100,000. Pingili kama sita hivi hukatika kila siku. Tegu wa nguruwe ni mfupi zaidi, mita mbili hadi saba, na pingili yake hubeba mayai yapatayo 50,000. Kijipande ulichotaka kukiokota kwa vidole vitupu kina mayai ya kutosha kijiji kizima, na kila yai lina upana wa mikromita 30 hadi 35, dogo kuliko jicho linavyoweza kuona.

Sasa turudi maabara, kwa sababu maumbile haya ndiyo yanayoamua majibu utakayopewa. Mfuko wa uzazi wa tegu wa ng'ombe na wa nguruwe hauna mlango wa kutokea. Mayai hayatiririki kila siku. Yanatoka pingili inapopasuka au inapokatika. Kipimo kimoja cha choo kinaweza kusema huna kitu, na tegu wa mita tano yumo ndani amestarehe. Uwe tayari kutoa sampuli tatu za siku tofauti, na usikate tamaa, wala usifurahi mapema, kwa jibu la sampuli ya kwanza. Tegu wa samaki ni kinyume chake: mfuko wake una tundu, anamwaga mayai mfululizo, hata kufikia milioni moja kwa siku, na mara nyingi mwenye tegu huyo hajawahi kuona kipande hata kimoja.

Tatizo la pili ni kwamba mayai ya tegu wa ng'ombe na ya tegu wa nguruwe hayatofautiani chini ya darubini. Yote ni ya mviringo, yana ganda nene lenye mistari inayotoka katikati kwenda nje, na ndani kuna kiinitete chenye kulabu sita. Mtaalamu anayesoma mayai peke yake atakuandikia "mayai ya Taenia", na hajakosea, ila hajakumalizia. Pingili ndiyo inayozungumza. Inabanwa katikati ya vipande viwili vya kioo, pengine mfuko unapakwa wino ili uonekane, kisha yanahesabiwa matawi makuu ya upande mmoja. Tegu wa nguruwe ana matawi 7 hadi 13. Tegu wa ng'ombe ana 12 hadi 30. Ukiona namba hizo zinagongana kwenye 12 na 13, umeona sawa. Hapo inabidi kitafutwe kichwa au kipimo cha vinasaba. Dalili nyingine ndogo unaweza kuileta mwenyewe: pingili za tegu wa ng'ombe zina nguvu za kutambaa na huweza kutoka zenyewe bila mtu kwenda haja, ilhali za tegu wa nguruwe kwa kawaida hutoka na kinyesi, zikiwa kadhaa zimeshikana. Haitoshi kuamua ugonjwa, lakini mwambie daktari.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu ya mzunguko wa maisha.

Tegu hawa wawili wanahitaji miili miwili. Mayai yanatoka kwa binadamu na kuangukia kwenye majani au udongo, ambako yanaweza kuishi majuma na hata miezi. Ng'ombe au nguruwe anayameza. Ndani ya utumbo wake ganda linayeyuka, kiinitete kinatoka, kinatoboa ukuta kwa zile kulabu sita, kinaingia kwenye damu na kupelekwa kwenye misuli. Huko, kwa muda wa miezi miwili hadi mitatu, kinageuka kifuko kidogo cha majimaji, na ndani yake kipo kichwa cha tegu kilichopinduliwa kuelekea ndani, kimetulia kinasubiri. Mtu akila nyama hiyo haijaiva, kichwa kinapinduka, kinashika utumbo, na kwa miezi kama miwili tegu mzima amekamilika. Hivyo kipande unachokiona leo ni matokeo ya mlo wa miezi miwili iliyopita au zaidi, hata wa miaka mingi nyuma, kwa kuwa tegu huishi miaka. Kumlaumu mpishi wa jana ni kumwonea.

Aliyethibitisha kwamba vifuko vya nyama ya nguruwe na tegu wa binadamu ni kiumbe kimoja ni daktari Mjerumani, Friedrich Küchenmeister. Mwaka 1855 alimlisha vifuko hivyo mfungwa aliyehukumiwa kifo, kisha baada ya hukumu kutekelezwa akawakuta tegu wachanga kwenye utumbo wake. Jaribio la namna hiyo leo lisingepita kwenye kamati yoyote ya maadili, na ni vyema, lakini jibu lake lilifunga mjadala mkubwa.

Kwa tegu wa ng'ombe, habari inaishia hapo: binadamu hubeba tegu mzima, ng'ombe hubeba kifuko, na mayai yake hayana la kutufanya. Tegu wa nguruwe hana adabu hiyo. Kiinitete chake hakimtofautishi binadamu na nguruwe. Mtu akimeza mayai yake, yale yaliyotoka kwa mwenzake au kwa mkono wake mwenyewe, vifuko vinaota ndani yake: kwenye misuli, chini ya ngozi, machoni, ubongoni. Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo mawili. Nyama ya nguruwe isiyoiva inakupa tegu wa utumboni. Vifuko vya ubongoni vinatokana na kumeza mayai, yaani na chembe za kinyesi cha mtu mwenye tegu, zikiwa kwenye maji, mboga au mikono ya anayeandaa chakula. Asiyekula nyama ya nguruwe maisha yake yote hajasalimika. Mwaka 1992 iliripotiwa kutoka New York kwamba watu wa jamii ya Kiyahudi ya Kiorthodoksi, ambao dini yao inakataza nyama hiyo, walipatikana na vifuko ubongoni. Chanzo kilichoelekezewa kidole ni wafanyakazi wa nyumbani waliokuwa na tegu bila kujijua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa, katika maeneo mengi ambako watu wanaishi karibu na nguruwe wanaozurura, tegu huyu ndiye chanzo cha asilimia 30 ya kifafa.

Hiyo ndiyo sababu kuna maswali ya kujibu kabla ya kidonge, na uyajibu kwa ukweli hata kama muuza dawa hajayauliza. Umewahi kupata degedege au kuzimia ghafla ukiwa mtu mzima? Una maumivu ya kichwa yasiyoisha, hasa yenye kutapika? Macho yamebadilika, unaona vivuli au jicho moja limepungua nguvu? Una vivimbe vidogo vigumu chini ya ngozi visivyouma? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya hayo, usimeze kitu kwanza. Dawa inayotumika zaidi, prazikwanteli, haibaki utumboni. Inaingia kwenye damu na kufika ubongoni, na ikikuta vifuko hai inaviua. Hiyo inaonekana ni habari njema mpaka ukumbuke kwamba kifuko kilicho hai kinaweza kukaa muda mrefu bila kuusumbua mwili, na kinapokufa mwili unakishambulia. Ubongo unavimba, degedege zinaanza. Kwenye jicho uharibifu unaweza kuwa wa kudumu. Daktari akijua mapema ataagiza picha ya CT au MRI, atakupa dawa za kupunguza uvimbe, au atachagua niklosamidi, ambayo karibu yote hubaki utumboni na kumuua tegu palepale alipo.

Tofauti ya tegu inaonekana pia kwenye kipimo cha dawa. Prazikwanteli kwa tegu wa ng'ombe, wa nguruwe na wa samaki ni miligramu 5 hadi 10 kwa kila kilo ya uzito, mara moja. Kwa tegu mdogo, Hymenolepis nana, ni miligramu 25 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 basi anahitaji miligramu 300 hadi 600 kwa wale wa kwanza, na 1,500 kwa huyu wa mwisho. Waliowahi kutibiwa kichocho watakumbuka dozi kubwa zaidi ya dawa hiyohiyo. Usiichukue kumbukumbu hiyo ukaitumia hapa. Jipime uzito kabla ya kwenda. Na zile dawa za minyoo za kawaida, albendazoli au mebendazoli ya dozi moja, zimetengenezewa minyoo mingine; kwa tegu zinaweza kumsumbua tu, akaacha sehemu ya mkanda na kubaki na shingo yake.

Beba pia orodha ya dawa unazotumia. Rifampisini ya kifua kikuu hushusha prazikwanteli kwenye damu kiasi cha kuifanya isifae, na karbamazepini na fenitoini za kifafa nazo huipunguza. Ukiona mtu anatumia dawa za kifafa na ana tegu, swali la ubongo linarudi palepale. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye ugonjwa wa ini waseme kabla.

Huyo tegu mdogo anastahili neno lake, kwa sababu anavunja kanuni. Ana urefu wa milimita 15 hadi 40 na hahitaji mnyama wa kati. Yai linalotoka kwa mtoto mmoja liko tayari kumwambukiza mwingine saa hiyohiyo, na mengine hupasuka ndani ya utumbo uleule bila hata kutoka nje. Kumtibu mtoto mmoja katika nyumba yenye watoto wanne ni kupoteza dawa. Uliza kuhusu wote. Tegu wa samaki hugombania vitamini B12 na mwenyeji wake, hivyo pima damu ukiwa na uchovu na weupe wa viganja. Yule anayeletwa na viroboto wa mbwa na paka hupatikana zaidi kwa watoto, na asipotibiwa mnyama, atarudi.

Tegu wa mbwa, Echinococcus, namtenga makusudi. Mzima wake anaishi kwa mbwa na ana milimita 2 hadi 7 tu. Binadamu akimeza mayai hupata uvimbe wa maji, mara nyingi kwenye ini au mapafu, unaokua polepole kwa miaka. Hutaona kipande chochote kwenye choo chako, na kidonge cha kununua mwenyewe si tiba yake. Mtu akiambiwa ana uvimbe wa maji kwenye ini, asikubali uchomwe sindano na yeyote asiyekuwa na utaalamu wa ugonjwa huo. Majimaji yakivuja yanaweza kuleta mzio wa kuua na kusambaza uvimbe mwingine.

Siku ya dawa yenyewe haina mengi. Meza prazikwanteli na chakula na maji ya kutosha, bila kuitafuna, kwa kuwa ni chungu sana na uchungu huo unaweza kukutapisha. Niklosamidi ndiyo inayotafunwa. Ikiwa tegu ni wa nguruwe, mweleze daktari kama unatapika kwa urahisi, maana hakuna anayetaka pingili zipande juu tumboni. Usiendeshe gari siku hiyo na inayofuata, kwa sababu ya kizunguzungu na usingizi. Tumia choo chenyewe, si kichakani, na uliza kama maabara inataka kinyesi cha siku hizo kukitafuta kichwa. Kisipoonekana usitishike: mara nyingi tegu humeng'enywa baada ya kufa, na kutafuta kitu cha milimita moja humo ni kazi ya subira.

Kinachothibitisha ni muda. Kichwa na shingo vikibaki, mkanda unaota upya na pingili zinaanza kuonekana tena baada ya miezi miwili au mitatu. Kwa hiyo kabla hujaondoka na dawa, panga kabisa tarehe za kupima choo tena, mwezi mmoja baadaye na mwezi wa tatu.

Nyumbani, kama jibu lilikuwa tegu wa nguruwe, wote wanaoishi na kula nawe wapimwe, wenye degedege kwanza. Jikoni, nyama ya kipande ifike nyuzi joto 63 katikati na ipumzike dakika tatu kabla ya kukatwa, ya kusaga ifike 71. Rangi ya juu si kipimo. Baridi nayo inaua vifuko vya nguruwe: nyuzi 5 chini ya sifuri kwa siku nne, 15 chini ya sifuri kwa siku tatu, au 24 chini ya sifuri kwa siku moja. Samaki wa kuliwa mbichi agandishwe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba. Mbwa asipewe maini na mapafu mabichi ya kondoo au mbuzi, na apewe prazikwanteli yake kwa ratiba ya daktari wa mifugo, ambaye naye atahitaji kujua uzito wake.